Baraza la Ndege Kwenye Ukuta wa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kununua uzi wa cherehani. Kwenye meza moja karibu na mpaka, katikati ya masufuria na viatu vya mitumba, nilikuta kitabu kikubwa kisicho na jalada. Muuzaji alikuwa mama wa upande wa Zambia. Aliponiona nimesimama aliniita mayo, kama wanavyowaita akina mama kwao, akaniambia nikichukue, karatasi yake ni ngumu, inafaa kufungia karanga. Alivyoharakisha kukishusha bei nilianza kushuku kina kasoro, nikakifungua kukikagua. Sikukuta kasoro. Nilikuta ndege.

Zilikuwa picha za kejeli za Ulaya, zilizochapwa zamani sana, kabla bibi wa bibi zetu hajazaliwa. Waziri mwenye kichwa cha bata. Hakimu ambaye ni bundi mwenye nywele za bandia. Tausi aliyevaa gauni la mke wa tajiri, na mkia wake umejaa macho ya watu wanaomdai. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, jioni baada ya kushona. Nilisimama juani nikisoma maelezo chini ya kila picha, mpaka mama yule akaniuliza kama nimekuja kununua au kusali.

Nilikuwa natafuta picha moja tu, na haikuwamo. Lakini ndugu zake wote walikuwamo. Nilikinunua, na tangu siku hiyo, rafiki yangu msomaji, nimekuwa nikiipanga upya habari hii kichwani. Nitaeleza ninachokikumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kule Hasamba, wakati wa Waingereza, vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha. Mama alikuwa ameolewa milima ya Ileje, akanipeleka kwa bibi ili mjane yule asikose mtu wa kumchotea maji. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na upepo wa Mbozi mwezi wa sita ulipita kwenye nyufa kama mwenyeji. Tulilala karibu na moto, mgongo baridi na uso wa moto, tukigeuka usiku kucha kama mahindi ya kuchoma.

Mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa akifanya kazi machimbo ya dhahabu Saza. Mwaka mmoja alirudi likizo na furushi la karatasi. Mzungu mmoja kule alikuwa amerudi kwao, na vitu vyake visivyofaa vikatupwa nje: magazeti, na kitabu cha picha kilichonyeshewa na mvua. Mjomba aliona karatasi, akakumbuka upepo. Bibi alipika uji mzito wa mahindi, tukapaka, tukabandika ukuta mzima kuanzia mlangoni mpaka kwenye kichanja cha vyungu. Kwa wiki nzima nyumba ilinuka uji uliochacha, na kuku waliingia kudonoa ukuta, tukiwafukuza kwa ufagio.

Hapa niseme jambo moja kwa uangalifu. Bibi hakujua kusoma. Alibandika magazeti vyovyote vile, herufi zikaangalia chini, nyingine zikalala ubavu. Hata picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye kofia ya maua aliibandika kichwa chini, miguu juu, na mjomba alipocheka bibi alisema, "Mwache, labda kwao ndivyo wanavyolala." Lakini ukurasa mmoja, mkubwa kuliko yote, aliubandika umenyooka, usawa wa macho ya mtu mzima, ukutani ambapo mgeni akikaa kwenye kigoda lazima autazame.

Ukurasa huo ulikuwa baraza la ndege. Kipanga alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, amevaa joho, kwapani ana mwavuli, naye mchoraji amempa shingo ndefu yenye upara, imeinama mbele. Pembeni yake bundi aliandika kwa unyoya. Upande wa kulia kuku waliingia kwa foleni, wamenona, manyoya yote mwilini. Upande wa kushoto kuku walewale walitoka, wamenyonyolewa, wengine wamebaki na unyoya mmoja tu mkiani, wakifunika vifua vyao kwa aibu. Dirishani kunguru alikuwa ameingiza kichwa, mdomo wazi, anasikiliza.

Sasa sharti umjue jumbe wetu, mkuu wa kijiji chini ya serikali. Alikuwa mtu mrefu, mwenye upara, shingo yake ilitangulia mwili wake kila alipokwenda, na hakuachana na mwavuli, masika na kiangazi. Alikuwa na karani mwenye macho ya duara aliyeandika wakati wa kodi. Siku za baraza watu waliingia kwake na mbuzi au jogoo wa kumpoza, wakatoka mikono mitupu. Sisemi alikuwa mbaya kuliko wengine. Nasema alivyokuwa.

Mtu wa kwanza kuiona picha alikuwa jirani yetu mwanamume, fundi wa vinu, aliyeletewa kata ya togwa akakaa kwenye kigoda. Aliinywa nusu, akasimama. Akaisogelea picha. Kisha alicheka mpaka togwa ikamtoka puani.

"Mama, huyu hapa ni mimi!" alisema akimgusa kuku wa mwisho, aliyenyonyolewa mpaka shingoni. "Mimi natoka barazani mwaka jana! Tazama hata magoti yangu!"

"Wewe magoti yako ni mabaya kuliko hayo," bibi alimjibu.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilipata wageni kuliko kanisa. Walikuja kuazima moto, kuuliza habari za mjomba, kumletea bibi kibuyu asichokihitaji. Macho yao yote yalikwenda ukutani. Kila mtu alijitafuta na kumtafuta mwenzake. Huyu mnene anayeingia ni mkwe wa fulani, hajui linalomngoja. Huyu mwenye unyoya mmoja ni mzee wa kanisa. Ndege walinihusu na mimi: wageni waliniambia mimi ni kifaranga aliyejificha chini ya kiti. Nilifurahi sana kuwamo.

Furaha ile ilikatika siku alipokuja jirani mwanamke wa nyumba ya juu. Alikuwa mtu wa kupeleka habari. Ukitaka jambo lifike mtoni kabla yako, ulimwambia yeye. Akina mama walimsogeza mpaka dirishani kwa kunguru.

"Shoga, hata Ulaya wanakujua!" mmoja alimwambia.

Alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kucheka kabla ya wengine, na hilo nililiona. Akaitazama picha kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Aliyechora hii alituona lini?"

Naweza kukuambia leo, nikiwa na kitabu cha Tunduma mbele yangu, kwamba mchoraji hakutuona kamwe. Alikuwa anawacheka wakubwa wa kwao, na mwavuli ule, unaorudi katika picha za kitabu hiki, ulikuwa wa mheshimiwa fulani aliyekufa zamani. Lakini sisi tulijuaje? Kwetu sura haikuwa kitu cha kubahatisha. Kama mwavuli ni wake, na upara ni wake, na shingo ni yake, basi mtu amemtazama. Na kama amemtazama jumbe, ametutazama na sisi. Na kama Mzungu aliyeko mbali ametuchora, basi kuna mtu wetu aliyekwenda kumweleza.

Mtu aliyetoka kwetu akaenda kuishi karibu na Wazungu alikuwa mmoja: mjomba.

Maneno yalianza polepole kama moshi wa kuni mbichi. Kwamba mjomba alipeleka majina. Kwamba kuku wenye manyoya ni wale watakaochukuliwa manamba, kwenda mashamba ya mkonge ambako wengine hawarudi. Kwamba bibi aliibandika picha pale ili kila anayekaa kwenye kigoda ajitaje mwenyewe, na yeye ahesabu. Na bundi! Nani mwenye akili humkaribisha bundi ndani ya nyumba na kumweka karibu na anapolala mtoto? Mtoto wa jirani mmoja alipata homa, akapona. Lakini homa ile ilitajwa, kupona hakukutajwa.

Wageni wakaisha. Mtu akipita njiani alitusalimu bila kusimama. Mtoni akina mama walinipisha nichote kwanza, na mimi mtoto nikadhani ni heshima, mpaka nilipoona wanasubiri maji niliyoyagusa yapite kwanza ndipo wachote yao.

Jumbe mwenyewe hakutoa amri. Alipoletewa habari inasemekana alisema neno moja tu, barazani: "Anayekwenda kunywa pombe pale, ajue mwenyewe anakunywa nini." Neno hilo lilitosha.

Ili uelewe uzito wake, lazima ujue jinsi tulivyolima. Shamba la ulezi lilitaka matuta, na matuta ya kwetu yalifanywa kwa kugeuza majani na udongo juu yake, kazi ya kuvunja mgongo ambayo mjane na mtoto hawaiwezi. Mtu aliyehitaji mikono alipika pombe. Siku ilipoiva, majirani walikuja na majembe yao alfajiri, wakalima mpaka jua likawa kali, kisha wakakaa chini wakanywa. Mwenye pombe alionja kwanza mbele ya wote, ndipo kata ikazunguka. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyelima bure. Lakini pombe haingoji mtu. Ikiiva leo usipoinywa, kesho ni siki. Na matuta yasipofanywa kabla ya mvua, hakuna ulezi. Bila ulezi hakuna ugali, wala kimea cha kupikia pombe ya kuwaitia watu mwaka unaofuata. Nyumba iliyokosa kulimiwa mara moja ilikuwa ngumu kuinuka.

Bibi alikuwa ameshaloweka ulezi wake kabla maneno hayajaanza. Kimea kilikuwa kimechipua. Nilimwuliza kama atakitupa. Alinitazama kama niliyesema tuichome nyumba.

"Kipanga haulizwi anakula nini," alisema. "Anaulizwa kama ameshiba." Sikuelewa mpaka siku ya pombe. Aliendelea kusaga.

Nilimwomba tuubandue ule ukurasa. Nilisema tukiuchoma watu watarudi. Hapo ndipo aliponikemea kwa mara ya pekee ninayoikumbuka. Alisema mtu akibandua kitu watu wakitazama, amekubali kwamba kilikuwa kibaya.

Siku ya pombe ilifika. Mitungi ilikuwa imepangwa nje, harufu yake chungu na tamu ikajaa uani. Bibi alifagia uwanja mara mbili. Jua lilichomoza, umande ukakauka kwenye majani, na njia ilikuwa tupu. Nilisikia majembe mbali, kwenye shamba la mtu mwingine. Bibi alikaa kizingitini, mikono mapajani, akaitazama njia. Sijawahi tena kuona mtu akikaa hivyo.

Hatimaye waliotokea hawakubeba majembe. Walikuwa jumbe, mwavuli kwapani, karani nyuma yake, na mwalimu wa shule ya misheni, ambaye alionekana ameitwa bila kuulizwa kama ana nafasi. Nyuma yao, mbali kidogo, wakaja watu wa kijiji, maana watu waliokataa kuja kulima walikuja kutazama.

Bibi alipiga goti akasalimia. Jumbe aliitikia, akaingia ndani na mwalimu na karani, bibi akamfuata akapiga goti tena, nasi tuliobaki tukajaa mlangoni. Alisimama mbele ya picha. Mwanga wa mlangoni ulimpiga kisogoni, na kwa bahati mbaya kabisa alikuwa ameinamisha shingo.

Mtu mmoja nje alikohoa. Ninaamini hakikuwa kikohozi.

"Mwalimu," jumbe alisema bila kugeuka, "soma hayo maandishi ya chini."

Mwalimu alivua kofia. Alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na Kiingereza chake, nilikuja kujua baadaye, hakikuwa kirefu. Lakini maneno yale yalikuwa machache. Mimi niliyahifadhi kwa sura, herufi moja moja, kama mtu anavyohifadhi alama za ng'ombe, na miaka mingi baadaye niliyafasiri kwa kamusi yangu: *Mkubwa anasikiliza shida za kuku.* Mwalimu aliyatazama kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. Akamtazama bibi. Akautazama mwavuli.

"Imeandikwa," alisema, "mkubwa anawalinda wadogo wake."

"Kipanga anawalinda kuku?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Jumbe."

"Na manyoya yao?"

Mwalimu aligeuza kofia yake mikononi. "Hawakuandika habari za manyoya."

Nilimwona karani akiinamisha kichwa, na macho yake ya duara yakapepesa. Jumbe aligeuka akamkabili bibi. Hakuwa mjinga, na sauti yake ilikuwa ya taratibu, jambo lililonitisha zaidi.

"Mama, watu wanasema mtoto wako alikwenda kwa Wazungu akawaeleza habari za baraza langu, wakatuchora. Na wewe umetuweka ukutani ili tuchekwe. Je, ni kweli?"

Bibi alikuwa bado chini. Alijibu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Baba, mimi macho yangu ni mabovu, na moshi wa miaka mingi umeyamaliza. Mimi naona ndege. Watu wameniambia humu mna watu, lakini kila mmoja ananitajia wengine. Wewe ni mkubwa wetu, unaona vizuri. Nionyeshe tu, baba. Wewe ni yupi hapo?"

Kuku mmoja aliingia kati ya miguu yetu akaanza kudonoa uji chini ya picha, na hakuna aliyemfukuza.

Jumbe aliinua mkono. Kidole kilikwenda mpaka karibu na karatasi, kikasimama. Sote tulikitazama kidole kile. Kiligeuka kidogo kwa bundi, nikamsikia karani akivuta pumzi, kikatoka kwa bundi, kikapita juu ya kuku, kikarudi hewani. Kisha akakishusha, akashika mwavuli kwa mikono miwili.

"Mimi simo," alisema.

"Asante, baba," bibi alisema. "Mimi pia nilidhani hivyo. Na kama wewe humo, nani mwingine awemo?"

Alisimama, akatoka nje, akachota kata ya kwanza. Akainywa yote mbele ya watu, taratibu, kama desturi ilivyotaka. Akachota ya pili, akapiga goti, akampa jumbe kwa mikono miwili.

Hapo hakukuwa na njia. Kuikataa ilikuwa kusema kwamba ana kinyongo, na mwenye kinyongo na picha ni yule aliyejiona. Aliipokea. Aliitazama ndani kwa muda, akanusa, akamtazama bibi juu ya ukingo wa kata. Akanywa. Sijawahi kuona mtu akinywa pombe kwa shingo ngumu vile.

"Ni nzuri," alisema, na akaenda zake, karani akimfuata, mwavuli umefunguliwa ingawa wingu lilikuwa limefunika jua na mvua haikunyesha.

Fundi wa vinu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia jembe. Wengine wakafuata. Siku ile walianza kulima wakati ambapo kwa kawaida wangekuwa wamekaa kunywa, na walilima mpaka jioni, bila nyimbo, kwa bidii ya watu wenye aibu. Jirani mwanamke wa nyumba ya juu alikuja pia. Kata ilipomfikia alimwaga kidogo chini, akamtazama bibi, bibi akatazama pembeni, ndipo jirani akanywa. Matuta yalimalizika. Mwaka ule ulezi ulikuwa mzuri.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Yafuatayo nayashuku tu. Baada ya mavuno mwalimu alihamishwa, akapelekwa mbali, upande wa Chitete, ambako njia ni mbaya. Hakuna aliyesema kwa nini. Mjomba, aliyekuwa amesharudi Saza kabla ya maneno hayo, hakuja tena likizo kwa miaka kadhaa. Na bibi, kabla ya masika, alichanganya udongo mweupe na maji akapaka ukuta wote, magazeti, mwanamke wa kichwa chini, baraza la ndege, vyote, bila kuniambia. Nilipomwuliza alisema karatasi zinaleta mende.

Je, alijua alichobandika? Nimepima upande huu na huu. Upande mmoja: mzee asiyesoma, macho ya moshi, karatasi kubwa iliyotosha kuziba ufa mkubwa. Upande mwingine: ukurasa mmoja tu ulionyooka katika ukuta mzima, na swali lililotoka kinywani mwake kana kwamba lilikuwa limekaa tayari kama kuni kavu. Nilikaa naye miaka mingi baadaye, nikamwogesha alipokuwa mgonjwa, na sikumwuliza. Nilijiambia namheshimu. Huenda niliogopa kwamba angenijibu.

Majumbe waliondolewa baada ya uhuru. Nyumba ya bibi ilianguka. Pale kuna mibuni ya mtu mwingine, na udongo wake hauonyeshi kitu. Matuta ya majani ni wachache wanaoyafanya. Shamba hulimwa kwa ng'ombe wa kukodi, unalipa, mnaachana. Ni haraka, na sisemi ni vibaya. Lakini kuna kitu kimepotea ambacho sijasoma jina lake katika kitabu chochote. Siku zile ulipomshuku jirani, msimu ulifika ambapo ulilazimika kwenda uani kwake mchana, watu wakikutazama, ukapokea kata kutoka mkononi mwake, ukaamua. Ulikunywa au hukunywa, na kila mtu alijua. Sasa hatuhitajiani kiasi hicho. Jirani yangu wa hapa mjini hajanisalimu tangu mwaka jana, sijui nilimkosea nini, na hakuna kazi yoyote duniani itakayomfanya aje mlangoni kwangu.